Nilianza na Uhunzi

Watu wengi wanaocheza gemu ile huacha uhunzi mwishoni. Wanaogopa madini. Wanasema chuma kinachosha, unazunguka milimani kuchimba mpaka macho yanauma, halafu ukiyeyusha unapata kipande kisichotosha hata kisu. Kwa hiyo wanaanza na upishi au ushonaji, vitu laini laini, na wakifika katikati wanakwama, kwa sababu mpishi anataka sufuria na kisu, mshonaji anataka sindano na mkasi, seremala anataka msumeno, na vyote hivyo vinatoka kwa mhunzi. Hapo ndipo walikuwa wanakuja kunibembeleza. Mimi nilianza na uhunzi siku ya kwanza kabisa, na kwenye gemu sijawahi kujuta.

Gemu yenyewe ni ya mtandaoni. Kila mchezaji ana mtu wake, anamvisha, anamtembeza kwenye nchi ya kuchorwa ambayo wenzake wote wamo humo humo kwa wakati mmoja, wa Mwanza, wa Dodoma, wa Kisii. Wengi wanaingia kupigana na majoka. Majoka nilijaribu nikaona ni kelele tupu. Kilichonishika ni fani za ufundi. Ziko nane, na kila moja inapanda leveli kivyake: unatengeneza kitu, unapata uzoefu, uzoefu ukijaa unapanda, unaruhusiwa kutengeneza kitu kigumu zaidi. Basi, hakuna kingine. Asiyependa hataelewa, na anayependa ataunguza maharage jikoni.

Na kuna namna ya kupanda haraka, msidanganywe na wanaojirekodi video. Usipandishe fani moja mpaka kileleni ukaacha nyingine chini, utakwama tu. Zipandishe zote kwa pamoja, hii isiiache nyingine mbali. Kitu kipya hutoa uzoefu wa ziada mara ya kwanza unapokitengeneza, kwa hiyo tengeneza kimoja cha kila aina kwanza, ndipo urudi kufyatua mafungu ya kile kilicho rahisi. Ubora usikusumbue mapema, hakuna anayeuliza uzuri wa msumari. Mpe mtu wako chakula kabla ya kazi, maana akishiba uzoefu unaongezeka. Oda za kila siku za chama cha mafundi usiziruke hata ukiwa na homa. Na ukitoka, mlaze nyumba ya wageni, kwa sababu akilala pale anakusanya mapumziko ambayo kesho yake yanampandisha upesi. Hilo la mwisho mtu wa Musoma hahitaji kufundishwa: umeme ukianza kupepesa tu, mimi mbio kumpeleka mtu wangu gesti.

Nilikuwa na fremu pale Mwisenge, steshenari ya kutoa kopi na kuchapa. Nilikuwa nachezaga asubuhi kabla wanafunzi hawajaanza kumiminika, na tena mchana jua likiwa kali hakuna anayetaka kutembea. Ninavaa hedifoni, naongea na kundi langu. Hatukuwahi kuonana, ila aliyekwama alinitafuta mimi. Mtu asidharau jambo hilo. Nilikuwa nimefika umri ambao kwetu wanawake wenzangu wana watoto wa shule, na kila nikienda kwenye sherehe naulizwa swali moja, na mdomo wangu mnaujua, nilikuwa najibu vibaya. Kule ndani hakuna aliyeniuliza swali hilo. Waliuliza kama msumeno uko tayari.

Halafu nikapata mchumba. Sikumtafuta, tulikutana Bunda kwenye kwaya, nilipokwenda nyumbani kwa Pasaka. Kwao ni Butiama, ila alikuwa anafundisha sekondari Bunda, karibu na kwa baba yangu. Mtu mpole, wa kucheka taratibu. Alikuwa akija Musoma anavuta kiti anakaa pembeni yangu kwenye fremu, anauliza mbona huyo mtu wako anapiga chuma tu hachoki. Aliniita fundi. Nilimpenda, sina sababu ya kuzungusha maneno. Nilimpenda mpaka nikaanza kuwajibu watu vizuri kwenye sherehe. Barua ya posa ilipofika kwa baba, nilijifungia chooni nikalia kwa furaha, mtu mzima mimi.

Sasa kwetu Mara posa haijibiwi hivi hivi. Watu wa upande wa mwanaume wanachunguza. Wanataka kujua mko ukoo gani, mlitokea wapi, kama kuna ugonjwa, kama kuna mtu alikufa kwa namna isiyoeleweka. Wanaweza kumtuma mtu akapita dukani kwako kama mteja, na wewe hujui. Mama alinionya, alisema kuanzia leo kila anayekuja msalimie kama mkweo. Niliitikia. Lakini mchana mmoja mama mtu mzima aliingia na kadi ya kliniki anataka kopi, na mimi nilikuwa katikati ya ugomvi.

Ugomvi ulikuwa huu. Kulikuwa na masasisho ya gemu, na jamaa wa Mwanza aliyejifanya mjuzi alikuwa anawaambia wenzetu kwamba uhunzi sasa hauna faida, tuuache, tuhamie usonara. Nilimshika. Nilikuwa nimechukua kadi ya yule mama, naiweka kwenye mashine, mdomo unaendelea. Nilisema, na nakumbuka kila neno kwa sababu baadaye niliulizwa kila neno: "Siachi uhunzi. Mimi ni mhunzi, nilianza na uhunzi kabla ya kitu kingine chochote, na nyie wote mnakula kwa nyundo yangu." Yule mama alipokea kopi zake, akanishukuru kwa adabu, akatoka. Nilimjibu kwa mkono, maana masikio yalikuwa yamezibwa.

Jumamosi mchumba wangu alikuja, hakuvuta kiti. Alisimama mlangoni mpaka wateja wakaisha. Akaniuliza, bila kunitazama sawasawa, kama kwetu ni waturi, maana shangazi yake alipita hapa kutoa kopi akanisikia nikijitaja.

Neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu utoto. Waturi ni wahunzi, ila siyo mhunzi wa kujifunza kazi gereji. Ni ukoo. Zamani ndio waliofua majembe na mikuki ya watu wote, na watu wote waliwahitaji, na watu wote waliwaogopa. Mturi anaoa mturi. Wakichanganyika na wengine, wanasema, mwanamke hazai, au anazaa na watoto hawakai. Ndivyo inavyosemwa katika baadhi ya koo zetu mpaka leo. Mtu ana digrii, ana kanisa, ana gari, lakini akifika kwenye kuoa anampigia simu bibi yake.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilimwambia yule shangazi yako kasikia habari za gemu, wewe mwenyewe unamjua mhunzi wangu, umekaa naye hapa. Na yeye akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu akakaa chini kabisa, akafuta uso. Alisema kwao kumewaka moto. Shangazi alirudi Butiama na maneno yangu kichwani kama yalivyo, akayaweka mbele ya bibi, na bibi amesimamisha kila kitu. Mchumba wangu alidhani dawa ni rahisi: twende Butiama na laptopu, nimwoneshe bibi gemu, aone kwa macho yake, yaishe.

Tukaenda. Bibi tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, shangazi pembeni yake, ndiye yule mama wa kadi ya kliniki. Nilipiga magoti nikawapa shikamoo zao, shangazi akanijibu akiwa anaangalia mahindi. Laptopu tuliiweka juu ya kigoda. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, kwa hiyo bibi alivua kanga yake ya juu akaitanda juu ya vichwa vyetu, mimi na yeye, tukawa ndani ya kanga kama watu wanaojifukiza. Nikafungua. Mtu wangu alikuwa pale nilipomwacha, gesti, nikamtoa, nikampeleka karakana, akaanza kupiga.

Bibi aliangalia kwa muda mrefu. Hakushangaa kompyuta, wajukuu wake wanazo. Aliuliza huyo ni nani. Nikasema ni mimi, halafu nikajirekebisha haraka, siyo mimi, ni mtu wangu. Akauliza anafua nini. Nikasema shoka. La nani? La seremala, nikasema, maana seremala hawezi kupanda bila shoka. Akatikisa kichwa kukubali, kama vile hilo analijua. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikazidi kujieleza. Nikamwonesha fani zote nane, nikamwambia bibi, hii ni michezo tu, mtu anachagua yoyote.

"Nani alikuambia uanze na hii?" aliuliza.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni akili tu. Nikamweleza kwamba mhunzi ndiye anayewatengenezea wengine wote vyombo vya kazi, ukianza naye hukwami popote, na kila mtu atakuja kwako. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyowaelezaga wageni kwenye kundi.

"Ndivyo walivyokuwa wanasema hata wenyewe," bibi alisema, akatoa kanga vichwani mwetu.

Nilitafuta macho ya mchumba wangu, alikuwa anatabasamu bado, hakusikia. Bibi alirudi kwenye mahindi yake. Alisema yeye hana neno na mimi, binti mzuri, magoti napiga. Alisema kompyuta haijui, ila mtu akisema mbele ya watu anamjua. Baba yangu aje Butiama, asimame mbele yao, aseme neno moja tu, sisi siyo waturi, na posa iendelee siku hiyo hiyo. Hakutaka kiapo, hakutaka mganga. Neno la baba lingetosha. Mchumba wangu njiani alikuwa anapiga miluzi. Alisema bibi amelegea, wazee wengine wangedai makubwa.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Bunda kumchukua baba. Nilikuwa nacheka peke yangu garini, nikipanga namna ya kumsimulia, kwa sababu baba yangu anapenda kisa kizuri. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akastaafu, sasa ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa na mfugaji wa kuku wasiotaga. Nilimkuta kibarazani, mama yuko ndani na redio. Nikaanza kusimulia, nikaigiza sauti ya jamaa wa Mwanza, nikaigiza shangazi na kadi yake. Baba hakucheka. Nilipofika kwenye neno waturi, aliuliza, "Nani amewaambia?"

Hakuuliza upuuzi gani huo. Aliuliza nani amewaambia. Ndani mama alizima redio.

Kuna mambo unayaona maisha yako yote na huyaoni. Baba yangu hajawahi kupigilia msumari. Kitanda kikilegea alikuwa anaitwa fundi. Jembe likichomoka mpini, lilipelekwa kwa jirani. Siku moja tukiwa wadogo watoto wa mtaani walikuwa wanatukanana, mmoja akatamka neno hilo, na baba akatoka akatuingiza ndani sote akafunga mlango, na tulidhani tumekosea sisi. Na mama yangu alitoka mbali, upande mwingine kabisa wa mkoa, na hakuna aliyewahi kutueleza baba alimjuaje.

Alinieleza siku hiyo, macho yake yakiwa kwa kuku. Babu yangu alikuwa mhunzi, na baba yake, na wa kabla yake. Babu ndiye aliyeshuka huku kwenye pamba na kuzika nyundo, akajipachika ukoo mwingine, na watu wakasahau, au walijifanya wamesahau. Mama naye ni mturi. Walitafutiana kimya kimya, kama wanavyofanya siku zote. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Sikumuuliza kwa upole. Nilisimama, nilipaza sauti mpaka jirani akachungulia, nikamwambia amenifanya nionekane mjinga mbele ya watu, nimekwenda Butiama na laptopu kujichekesha, nimekaa ndani ya kanga na bibi wa watu namweleza faida za uhunzi. Mama alikuja mlangoni, baba akamfanyia ishara arudi.

"Niliwahi kusema ukweli," alisema. "Kabla ya mama yako kulikuwa na msichana. Niliulizwa, nikajibu, kwa sababu nilikuwa nimebatizwa na nilidhani ndiyo inavyotakiwa. Ng'ombe wa mahari aliowatoa baba yangu walirudishwa mchana, watu wanaangalia, na mimi ndiye niliyewaswaga kurudi nyumbani."

Halafu akasema nisiwe na wasiwasi. Atakwenda Butiama, atasema wanachotaka kusikia. Amesema hivyo maisha yake yote, mara moja zaidi haitamuua. Aliniambia nikamtafutie mama pasi akanyooshe koti.

Nilimtafuta mchumba wangu jioni hiyo hiyo, tukakaa mahali pa soda karibu na stendi ya Bunda. Nilimwambia yote. Yeye nilimwambia kwa sababu sikuona namna ya kulala na mtu miaka yote na kitu hicho katikati yetu. Akasema haraka kwamba yeye haamini hayo mambo, ni ushamba, wazee wataondoka nayo. Nilishukuru. Nilikuwa karibu kumshika mkono pale pale mbele ya watu. Akauliza, "Ila mzee amesema atakuja?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akasema basi acha aje aseme, yaishe.

Nilimuuliza kwa nini asiwaambie yeye mwenyewe kwao kwamba haamini na ananioa hivyo hivyo. Alisema wewe hujui wazee wa kwetu. Nikamuuliza, na tukipata mtoto akaugua? Mwuguzi atasema malaria, na wewe moyoni utasema nini? Alizungusha chupa ya soda mezani. Alisema Mungu apishe mbali. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa namtaka bado. Nilijiambia mtu mpole huchelewa kupata maneno.

Wiki iliyofuata tulikwenda Butiama, mimi na baba tu. Kuacha mama nyumbani lilikuwa wazo la baba, alisema uso wa mama haujui kujificha. Njia nzima alikuwa anajifunza sentensi yake, midomo inacheza bila sauti. Alivaa koti la harusi za watu na kofia ya pama. Tulipokelewa vizuri, tukapewa maji ya kunywa na viti vya heshima. Kwao walikuwepo bibi, shangazi, baba yake mkubwa ambaye ndiye msemaji wa familia, na mchumba wangu kwenye benchi la ukutani, shati jeupe. Alinikonyeza kidogo kunitia moyo.

Baba mkubwa alisema maneno mafupi, kwa heshima kubwa. Alisema hakuna anayemdhania mtu vibaya, ni desturi tu, mzee mwenzetu atusaidie kwa neno lake. Baba akasimama. Akavua kofia.

Nilitaka sana aseme. Watu wanaonisikia nikisimulia wanadhani nilikuwa nimeshaamua, hapana. Nilikuwa namwomba Mungu aseme haraka tukae, tule, nirudi Musoma nikiwa mchumba wa mtu. Lakini nilimwona akiikunja kofia kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo, mzee wa heshima zake, mwenyekiti wa jumuiya, amesimama mbele ya watu waliomzidi kwa mahindi tu, anatafuta mate ya kumkana baba yake aliyemzaa. Alianza, "Mimi baba yake binti huyu, nasema kwamba," akakohoa. Akaanza tena palepale. Nilipandwa na hasira, na hasira yangu haijui adabu.

"Baba, kaa," nilisema. "Bibi, ni kweli. Sisi ni waturi. Msimchoshe mzee."

Baba hakukaa. Alibaki amesimama, kofia mkononi, ananiangalia kama nimempiga. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu. Nilisema kwamba babu yangu alifua majembe, na sina aibu naye, na kama kuna shamba lililolimwa bila jembe mnioneshe. Nilisema mimi sikujua mpaka wiki iliyopita, na kijana wao amelijua tangu siku ile ile, hajanikimbia. Hapo nikamgeukia. Nilifikiri sasa ndiyo zamu yake. Nilimpa nafasi, wote walimpa nafasi, hata shangazi aligeuka kumtazama. Angesimama tu. Hata asingesema kitu, angesimama tu kutoka kwenye benchi, ningejua yuko upande wangu. Alikuwa ameinama anaondoa tope kwenye kiatu chake kwa kidole.

Bibi ndiye aliyeongea. Alisema, "Binti, una moyo, na nimekupenda. Lakini siyo kwa mjukuu wangu." Alilisema bila ubaya wowote, akamwambia shangazi atuletee chakula tule kabla ya safari. Baba akashukuru, akasema tutachelewa gari.

Tulikaa barabarani juu ya jiwe tukisubiri gari la Bunda. Nilingoja baba anigombeze, na ningempa haki yake. Alikuwa anajaribu kuirudisha kofia kwenye umbo lake. Baada ya muda aliuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza huyo mtu wangu wa kwenye kompyuta, nani anamvukutia. Sikuelewa. Akasema, moto, nani anaupuliza. Alisema yeye ndiye alikuwa anamvukutia babu alipokuwa mdogo, mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu, mpaka mabega yanawaka, na ukisinzia chuma kinapoa unapigwa kofi. Nikamwambia kwenye gemu hakuna, moto unawaka wenyewe, mhunzi anafanya kazi peke yake. Alicheka, kidogo tu. Alisema basi huo siyo uhunzi, hakuna mtu aliyewahi kufua chuma peke yake. Akanionesha hewani kwa mikono yake namna mifuko inavyopishana, huu unapanda, huu unashuka, na mikono yake ilikuwa inajua kila kitu.

Simu yangu ikalia ujumbe. Ulikuwa wa mchumba wangu, maneno matatu: Ungenyamaza tu, tungeoana.

Niliusoma, nikaigeuza simu kioo kikaangalia chini. Baba, mikono bado iko hewani, akauliza ni nani, ni yeye? Ameandika nini?

Nikamwambia ni mteja, anaulizia kopi zake. Baba alinitazama usoni, akaitikia, akaishusha mikono yake mapajani. Uongo wa namna ile anaujua kuliko mtu yeyote, na alinisaidia kuubeba mpaka Bunda.